Kazi ya ushauri nasaha chuoni ikoje? Jibu langu

Mdogo wangu, umesema umemaliza digrii ya saikolojia, umeona nafasi ya mshauri nasaha chuoni, na unataka kujua kazi yenyewe ikoje kabla hujaomba. Mimi naifanya hapa Tanzania, nitakujibu kwa ninayokutana nayo.

Ni nadra mwanafunzi kugonga mlango akakwambia ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Atakuja na shida ya makaratasi: bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) halijaingia, Bodi ya Mikopo imemkatia asilimia ya mkopo, ana sapu (mtihani wa marudio) na anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Usimrudishe kwa mhasibu ukadhani umemaliza. Msaidie hilo alilokuja nalo, maana ni la kweli na linamuumiza, huku ukimsikiliza. Kuna kijana alikuja kuuliza utaratibu wa kuahirisha mwaka. Alikaa begi kalipakata, kila nilichosema anakiandika. Nikamuuliza, usiku unalala? Akaacha kuandika. Kumbe alikuwa anakesha macho wazi, darasani haingii tena, na nyumbani wadogo zake wanasubiri amalize chuo awasomeshe. Kuahirisha aliahirisha kweli, lakini alikwenda nyumbani akiwa ameshaanza kliniki, na mama yake akijua mwanawe anaumwa.

Utatumia sana dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na la tisa linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Hilo usilipitie haraka. Uliza waziwazi: umewahi kufikiria kujiua? Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani, tafiti zimeshalionyesha hilo, na kwa niliyoyaona mimi wengi ndipo wanapoanza kuongea. Ujue tu kwamba kwetu kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, hivyo mtu anaweza kudhani akitamka tu ataitiwa polisi. Mhakikishie kuwa kuwaza si kosa, na hapo amekuja kutibiwa.

Suala la siri liweke mezani mwanzoni kabisa, kabla hajafungua moyo. Mwambie anachosema kinabaki kwako, isipokuwa uhai wake au wa mwingine ukiwa hatarini. Kisha lisimamie, maana mkuu wa idara atapiga simu, mzazi atapiga, na wote watakuwa na nia njema. Siri ya mmoja ikivuja, hosteli nzima itajua kabla ya jioni, na muhula huo hutamwona mtu.

Jambo lingine ni rufaa. Ukitaja daktari wa magonjwa ya akili, mwanafunzi anasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na anaona ndugu watasema amerukwa na akili. Mweleze kwamba kliniki za afya ya akili zipo hata kwenye hospitali za mikoa, watu wanakwenda na kurudi darasani siku hiyohiyo. Nikipata nafasi huwa namsindikiza siku ya kwanza, kwa sababu foleni ya mapokezi peke yake inatosha kumfanya mtu ageuze.

Mimi nakushauri omba. Ila kwenye usaili, wakikupa nafasi ya kuuliza, uliza chumba cha ushauri kiko wapi. Kama mlango wake unatazamana na ofisi ya nidhamu, omba kingine kabla hujasaini mkataba, hata kama ni kidogo na kiko nyuma ya maktaba.