Na kangomba nayo mnaiitaje?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: bei ya mazao iachiwe soko huria au serikali iingilie kati? Nimelisoma kwenye daladala la Mbagala, nikaona nisipojibu sitalala. Nitasemea korosho tu. Pamba na kahawa zina wenyewe.

Sisi wa Newala, Mtwara, soko huria tunalijua kwa jina la nyumbani: kangomba. Msimu haujafika, mtu anakuja na hela, unampa korosho zikishaanguka. Hakuna aliyekushikia panga, mmeelewana watu wazima wawili. Ila bei anaipanga yeye, ya kukuumiza, na serikali imeipiga marufuku. Ndiyo maana nilianza kuandika jibu likiwa tayari kichwani: wanunuzi hao wote wafungwe.

Ilikuwa Agosti 2008, mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa risiti, zinauzwa kwa mnada, una mwaka mmoja tu. Mama alikuwa amemaliza kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, ya kukopa. Usiku dada akashikwa na uchungu, mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Mwenye gari akataka hela mkononi. Mjomba akaenda kumgongea katibu wa chama cha msingi, ule ushirika wetu wa wakulima. Katibu akamjibu kwa upole kabisa kwamba chama kinakopesha pembejeo, hela mpaka korosho ziuzwe. Benki imefungwa, na hata ingekuwa wazi, tungeingia na nini?

Saa saba mama akanituma kwa mzee wa kangomba. Alifungua mlango na msuli kiunoni, hakuuliza mengi. Akahesabu 50,000 kwenye mwanga wa kibatari, noti za elfu mbili na za elfu moja, akanihesabisha tena. "Mwambie mama magunia mawili." Hakuna karatasi, hakuna shahidi.

Oktoba akaja kuchukua chake, na magunia yake mwenyewe. Lumbesa! Mdomoni yameongezewa kipande cha gunia jingine, kimeshonwa kwa kamba ya katani. Mama akamimina hadi gunia la kawaida linapoishia. "Bado, mama." Akalitikisa, akalipiga goti, korosho zikashuka. "Bado." Za ndani zikaisha, nikaenda na ungo kuzoa zilizoanikwa uani, hazijakauka vizuri. "Hizo mbichi, kijana, ongeza kidogo." Mama hakusema neno. Alipomaliza kushona la pili akamletea maji ya kunawa, na Newala maji tulikuwa tunanunua kwa ndoo, kisha ugali na mbaazi. Lumbesa iliniudhi, ila ule ugali uliniudhi zaidi. Sikula siku ile.

Ghalani magunia yale yangeleta zaidi ya mara mbili ya zile 50,000. Hesabu hiyo nimeipiga miaka yote. Lakini dada yupo, na mtoto yupo, ameshanipita urefu. Nyumbani tunamwita Magunia.

Mtaniambia serikali ndiyo dawa. Mwaka 2018 wanunuzi walileta bei chini ya 3,000, wakati msimu wa nyuma yake kilo ilipita 4,000. Rais Magufuli akakataa, serikali ikanunua kwa 3,300, malori ya jeshi yakaja kusomba. Tulishangilia, hata mimi. Kisha ukaja uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba lake, wa kangomba asilipwe. Sawa. Ila wapo wakulima halali waliosubiri malipo miezi, na waliokuwa wanawakopesha wakati wa kusubiri mnawajua.

Hapa nilitaka kumaliza, nikakumbuka jambo. Julai 2022 binamu yangu alinipigia, ana shida ya laki tatu. Nikamtumia kwa simu, tukaelewana Novemba anipe kilo 200. Niliuita mkopo wa ndugu. Kilo 200 zilifika, mizani ilikuwa halali, nikapata faida yangu. Nilipoandika aya ya pili hapo juu halikunijia kabisa.

Basi jibu, kama bado mnalitaka. Ghala na mnada vibaki. Mwaka 2024 mnada uliingia kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la kielektroniki, kilo ikapita 4,000, na wanunuzi wanashindana kila mtu anaona. Kwangu hilo ndilo soko huria kuliko la kibatarini, ingawa limewekwa na sheria. Kangomba ibaki marufuku. Lakini anayepiga marufuku afungue dirisha la Agosti, chama kikopeshe hela ndogo kwa dhamana ya mikorosho. Nasema chama huku nikikumbuka Liwale, Lindi, 2013, nyumba zilivyochomwa kwa hasira ya malipo ya korosho yaliyopitia vyama, kwa hiyo hapo sina uhakika mkubwa.

Na yule mzee bado yupo, macho hayaoni vizuri. Akikamatwa, msiniite shahidi.