Leseni ya Urubani kwa Mwanafunzi Aliye Marekani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 20, nasoma mwaka wa pili wa uhandisi katika chuo kikuu kimoja jimboni Ohio kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Jirani na chuo kuna uwanja mdogo wa ndege wenye shule ya urubani, nami tangu utotoni Mwanza nimetamani kurusha ndege. Je, naruhusiwa kujifunza bila kuacha masomo, na leseni hiyo itanifaa nikirudi nyumbani? Baba anahofia kwamba nitapoteza ada na viza kwa pamoja.
Msomaji wa Ohio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu ya baba yako ina msingi, lakini haitoshi kukuzuia. Unaweza kujifunza, mradi uhandisi ubaki kuwa kazi yako ya kwanza. Viza ulipewa kwa ajili ya chuo kilichokuandikia fomu ya I-20, ile inayothibitisha kuwa umepokewa humo, na ukipunguza masomo chini ya kiwango cha mwanafunzi wa muda wote ili upate nafasi ya kuruka, utakuwa umevunja masharti yake. Kwa hiyo anzia kwa ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, mweleze mpango wako, na umwombe akujibu kwa maandishi. Vilevile, kutokana na sheria zilizowekwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mtu asiye raia wa Marekani hawezi kuanza mafunzo ya leseni ya kwanza kabla ya kuchunguzwa na TSA, idara ya usalama wa usafiri, ambayo hutoza ada na kuchukua alama za vidole.

Hatua ambayo vijana wengi huiruka ni afya. Kwa leseni ya rubani binafsi, ambayo ndiyo hiyo ya kwanza, cheti cha afya cha daraja la tatu kinatosha. Lakini ikiwa moyoni unawaza siku moja kuajiriwa na shirika la ndege, mwombe daktari aliyeidhinishwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, akupime kwa daraja la kwanza tangu mwanzo. Wapo wasiojua kwamba macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani mpaka siku ya kipimo hicho, na inauma sana kuligundua jambo hilo wakati akiba ya familia imekwisha kuliwa na mafunzo.

Kuhusu gharama, sheria inataka angalau saa 40 za kuruka, au 35 katika shule zinazofuata mtaala ulioidhinishwa na FAA, lakini wanafunzi wengi huzidisha, na anayepanga bajeti kwa saa 40 kamili hukwama njiani. Ukikaa wiki tatu bila kuruka, somo linalofuata huishia kurudia la nyuma, na saa hiyo unailipia kama kawaida. Majira ya baridi ya Ohio, yenye mawingu ya chini na barafu, yatumie kwa nadharia: mtihani wake una maswali 60, alama ya kufaulu ni asilimia 70, na matokeo hudumu miezi 24. Kuruka kuweke likizo ya kiangazi, unapokuwa na asubuhi nzima. Kabla ya kupanda, utakinga mafuta ya tangi la bawa katika kikombe kinachoonyesha kilichomo na kuyainua kwenye mwanga; mafuta ya ndege hizo ndogo huwa ya buluu, na maji yakiwemo huonekana yametuama chini bila rangi. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayekimbizana na kipindi cha saa nne asubuhi. Tena, lipa somo kwa somo. Shule ikikupa punguzo ili ulipe fedha zote kwa mkupuo, kataa kwa adabu, maana shule ndogo huweza kufungwa na fedha zako zikabaki humo.

Sasa kuhusu nyumbani. Leseni ya rubani binafsi haikuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege, si Marekani wala Tanzania. Ajira huhitaji leseni ya rubani wa biashara, ambayo kwa njia ya kawaida ya FAA hudai saa 250, ingawa saa zako za sasa zitahesabiwa humo. Mkataba wa Chicago wa 1944, wa usafiri wa anga wa kimataifa, uliweka msingi wa viwango vya pamoja, lakini kila nchi hutoa leseni yake, kwa hiyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania itataka kuihakiki leseni yako na kuona daftari lako la saa za kuruka. Hakikisha mkufunzi anatia saini kila somo siku ileile, kisha piga picha kila ukurasa unapojaa na umtumie baba yako nakala akutunzie.