Mwinuko wa Likoni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ukipata madhara ya dawa yasiyoisha, utamwamini daktari au shuhuda za waliopona mtandaoni?" Nimelisoma swali hilo mara mbili nikaona kwangu halina pande mbili. Daktari nilimwendea kwanza, akaniambia sipro, ile antibayotiki niliyokuwa nimemeza, haina shida, labda nimechoka. Kwenye shuhuda nilikwenda kwa sababu mlango wa kwanza ulishafungwa. Kwa hiyo mtanisamehe nikijibu lile ninalolijua: ushuhuda wa nani, na alisema nini, na nini hakukisema.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 63. Niliambiwa nina U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo. Binti wa duka la dawa akachukua mkasi, akanikatia vidonge 14 vya sipro, akavitia kwenye kibahasha cha kaki na kuandika 1x2. Wote tunakijua kibahasha kile. Karatasi ya maelezo inayokuja na boksi ilibaki kwenye boksi. Siku ya nne nikasikia maumivu nyuma ya kisigino cha kulia, kama mtu kanipiga na mchi. Siku ya saba sikuweza kukanyaga kanyagio la cherehani, na riziki yangu yote iko kwenye kanyagio lile.

Leo najua karatasi ile ingeniambia nini. Huko Marekani, mamlaka yao ya dawa, FDA, tangu mwaka 2008 iliagiza dawa za jamii ya sipro ziwekewe onyo kali kabisa, kwamba zaweza kuumiza kano na hata kuikata, hasa ile ya kisigino. Mwaka 2013 wakasisitiza na habari ya neva, ganzi na kuungua ambako huenda kusiishe. Aliyevuka miaka 60 yuko hatarini zaidi, na anayemeza dawa za steroidi pia. Mimi nilikuwa nimevuka 60, na wiki hizohizo nilikuwa namalizia predinisoloni ya pumu, nayo ni steroidi. Hakuna aliyeniuliza.

Mjukuu wangu ndiye aliyeniingiza kwenye kundi la WhatsApp la watu wenye shida kama yangu. Wako wa Dar, wa Nairobi, wako hata ndugu zetu walioko Muscat. Usiku ule ulikuwa wa mvua, nimelala ndani ya chandarua, mguu juu ya mto. Ukaingia ujumbe wa sauti, dakika nne na ushee. Mama wa Mombasa. Anasalimia, anahema. Nyuma yake nasikia honi ya feri na makondakta wanaita abiria. Anasema miezi minane alikuwa akitembea kwa mkongojo, na asubuhi ile amevuka Likoni kwenda Marikiti, akashuka kwenye feri, akaupanda ule mwinuko wa upande wa kisiwani, kikapu mkononi, watu wanamsukuma huku na huku, bila kusimama hata mara moja. Aliyewahi kuvuka pale anaujua mwinuko ule, namna unavyovuta nyuma ya miguu hata ya mtu mzima wa afya. Akasema: "Nimefika juu, nimegeuka kuitazama bahari, nimelia." Na kweli akalia, na feri ikapiga honi tena juu ya kilio chake.

Niliusikiliza mara saba. Mzee akaamka akauliza, "Nani huyo analia?" Nikamwambia, "Mwenzangu." Sikuwahi kumwona mwanamke yule.

Mwishoni alitaja alivyotumia: magnesiamu, mafuta ya mnyonyo, na kuacha sukari. Kesho yake nikaagiza magnesiamu. Nilimeza miezi mitatu kwa fedha ya ada ya mjukuu, na kisigino kikabaki vilevile. Ndipo nikamwandikia pembeni kumuuliza sawasawa. Akanijibu kwa upole sana. Alikuwa na miaka 38. Alimeza vidonge siku tatu tu akaacha. Steroidi hakuwahi kutumia. Hakunidanganya hata neno moja, ila kupona kwake kulikuwa kwa mwili mwingine, na mimi sikuuliza. Wiki iliyofuata nikaona mstari mdogo: amejiondoa kwenye kundi. Ndivyo wanavyofanya waliopona, wanarudi kwenye maisha yao. Tunabaki tunaoumwa, pamoja na wale ambao ushuhuda wao unaishia kwenye namba ya kulipia.

Na lipo lililonikasirisha kuliko hilo. Kijana mmoja aliuliza kuhusu kaka yake mwenye TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, anayepewa levofloksasini, ndugu wa sipro. Miguu inamuuma, afanyeje? Majibu yakamiminika: "Acha leo." "Acha sasa hivi, mimi iliniua." Levofloksasini ni nguzo katika kutibu TB sugu. Anayeacha bila kumwambia daktari wake anaweza kufa, na kuwaambukiza waliomo nyumbani. Miguu ikimuuma anarudi kliniki, wanaweza kumbadilishia. Niliandika hivyo, ujumbe wangu ukazama chini ya shuhuda. Kijana hakuandika tena. Mpaka leo nikisikia neno ushuhuda namkumbuka yeye.

Nilipoanza barua hii nilitaka kuandika msiamini kabisa. Lakini siwezi kulificha hili. Hatimaye nilimpata daktari mwingine, akakishika kisigino changu kwa mikono yake, akauliza habari za predinisoloni, akaandika kwenye faili nisipewe tena dawa za jamii ile. Tukajaza na taarifa ya madhara ya kupeleka TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa kwetu. Akanipumzisha, kisha mtu wa mazoezi akanifundisha kusimama ukingoni mwa ngazi, kujiinua kwa miguu yote miwili, na kuteremka polepole kwa mmoja, mara kumi na tano, asubuhi na jioni. Zoezi hilo linachosha na linauma, na kwa wiki nyingi huoni tofauti. Kilichonisimamisha pale ngazini kila alfajiri si maelezo ya daktari. Ni yule mama na kikapu chake. Mwezi wa tano nilikanyaga cherehani, nikashona pindo la kanga moja nikapumzika.

Basi jibu langu, mkilitaka kwa kifupi, ni kwamba dawa ya mtu mwingine siichukui kutoka kwenye ushuhuda, wala ushauri wa kuacha dawa. Anayeuza simsikilizi. Lakini yule mama ningemsikiliza tena leo, ila safari hii ningemuuliza umri wake kabla ya kuagiza chochote.

Juzi nami nimerekodi wangu, dakika sita. Nimetaja umri, idadi ya vidonge, predinisoloni, majuma niliyopumzika, na ngazi. Nimesema magnesiamu sikuona ilichonifanyia. Nimesema kisigino bado kinanikaza asubuhi mpaka nitembee hadi kisimani na kurudi, na kwamba sijajiondoa kwenye kundi, anayetaka kuniuliza aniulize.