Miaka 20 ya ndoa, siku 9, kutokea Mbeya: achaneni na Dubai, nendeni Zambia

Dada uliyeuliza, hongera wewe na shemeji. Nimelielewa swali lako hivi: mko Mbeya, mna siku 9 mwezi Septemba, watoto wanabaki kwa bibi yao Tukuyu, fedha mmedunduliza muda mrefu, mnataka safari ya kifahari nje ya nchi na karibu kila aliyechangia anawaelekeza Dubai. Mimi nawashauri Zambia: usiku 3 hifadhi ya Luangwa Kusini, usiku 3 Livingstone kwenye Maporomoko ya Victoria. Siku zinazobaki ni za njiani, na msizibane.

Septemba Dubai mchana joto bado linacheza kwenye nyuzi 40. Mtu aliyezoea ubaridi wa Uyole atashinda ndani ya maduka. Zambia nako joto linapanda mwezi huo, lakini asubuhi na jioni hewa ni nzuri, na ndizo saa za kutoka. Halafu pasipoti ya Tanzania haihitaji viza kuingia Zambia wala Zimbabwe. Na kuna jambo ambalo Watanzania wengi hawaliulizi: hoteli na kambi nyingi za ukanda ule zina bei ya wakazi wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo), ya chini kuliko ile inayotangazwa mtandaoni, na viingilio vya hifadhi navyo vina madaraja ya mwenyeji, SADC na wageni wengine. Bei hiyo hawakupi mpaka uiombe. Andikeni barua pepe moja kwa moja kwa hoteli, ambatisheni nakala za pasipoti, muulize bei ya SADC ni ngapi na ndani yake kuna nini: chakula, vinywaji, kufuliwa nguo, gari la kuwapokea uwanjani, ada ya hifadhi kwa kila siku. Kambi inayoonekana ghali ikiwa imejumuisha vyote hivyo mara nyingi huishia kuwa nafuu kuliko ile ya bei ndogo inayodai kila kitu pembeni.

Anzeni porini, malizieni kwenye maporomoko. Sababu ni usingizi. Kambi za Luangwa zinaamsha wageni saa 11 alfajiri, saa 12 mko njiani. Kwa siku 3 inapendeza, lakini mwili unachoka. Mkianza na Livingstone mtarudi nyumbani hoi. Mkimalizia Livingstone mtalala mpaka jua limepanda, mkinywa chai mkiangalia mto.

Najua mtu wa nyanda za juu atauliza: kwa nini nilipe kuona tembo Zambia wakati Ruaha iko hapo Iringa? Swali la haki. Kama ni wanyama tu, nendeni Ruaha. Luangwa unaifuata kwa mambo mawili. La kwanza ni kutembea kwa miguu. Ndiko mhifadhi Norman Carr alikoanzisha safari za namna hiyo miaka ya 1950, na mpaka leo wanazifanya kwa ustadi: mbele askari wa hifadhi mwenye bunduki, kisha mwongozaji, wageni wachache kwa mstari mmoja, nyuma yao mbeba chai. Mnasimamishwa kwenye kinyesi cha kiboko, mnaelezwa jana usiku alipita wapi na kwa nini amekitawanya kwenye kichaka. La pili ni kutoka usiku na taa ya kumulika, na Luangwa inasifika kwa chui. Septemba maji yamepungua, mto umebaki michirizi kati ya mchanga, wanyama wote wanakuja kunywa mahali pamoja. Kingo za udongo zimejaa matundu ya ndege wekundu waitwao keremkerem waliokuja kutaga, na wakiruka kwa pamoja ukingo mzima unaonekana kama umeshika moto. Vaeni kaki au kijani kilichofifia. Nguo nyeusi na za bluu huvuta mbung'o.

Sasa maporomoko, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Yana upana wa mita 1,708 na kina cha mita 108, lakini unachokiona kinategemea mwezi. Maji hufika kilele karibu na Aprili. Wakati huo, ukisimama kwenye daraja jembamba la Knife-Edge upande wa Zambia, unaona weupe mtupu na unaloa mpaka soksi, maana mvuke unapanda na kushuka tena kama mvua. Kufikia Septemba upande huo wa Zambia umepungua sana, sehemu kubwa ya ukuta ni mwamba mkavu, na mgeni aliyekuja na picha ya Aprili kichwani analalamika kwamba ameibiwa. Hajaibiwa, amesimama upande usiofaa kwa mwezi huo. Mkondo mkuu unaendelea kuanguka mwaka mzima upande wa Zimbabwe.

Kwa hiyo laleni Zambia, na siku moja vukeni daraja la mwaka 1905 kwenda Zimbabwe. Inawezekana kwa miguu au teksi. Bebeni pasipoti, mwambieni ofisa kwamba mnarudi siku hiyohiyo, na muwe na noti ndogo za dola, za 1, 5 na 10, kwa sababu chenji upande ule ni shida. Fikeni langoni mapema kabla jua halijawa kali, mtembee taratibu kituo kwa kituo. Muda wa saa 2 hadi 3 unatosha.

Ukame huohuo ndio unaofungua Devil's Pool. Ni kidimbwi kwenye ukingo kabisa wa maporomoko, upande wa Zambia, na huogeleka kuanzia takriban katikati ya Agosti mpaka maji yanapojaa tena mwanzoni mwa mwaka. Mnapelekwa kwa boti hadi kisiwa cha Livingstone, mnaogelea kipande kifupi chini ya usimamizi wa waongozaji, mnaingia kidimbwini. Kuna ukingo wa mwamba chini ya maji unaokuzuia. Unaegemea pale kwa kifua, maji yanapita kando ya mabega yako na kudondoka, nawe unachungulia shimo lote. Kama shemeji hajui kuogelea asilazimishwe hata kidogo: kisiwani kwenyewe panatosha, na ziara ya asubuhi ina kifungua kinywa. Nafasi ni chache, kwa hiyo iwekeni mara tu mkishapata tarehe za ndege.

Helikopta: ile ya dakika 15 au chini kidogo inatosha kabisa, ya nusu saa inaongeza korongo na wanyama wa mbali. Viti hupangwa kwa uzito, kwa hiyo usimkasirikie rubani akiwatenganisha. Ile ndege ndogo ya wazi ya watu wawili inavutia, ila abiria haruhusiwi kushika simu wala kamera, kwa kuwa kikidondoka kitu kinaingia kwenye pangaboi lililo nyuma. Kuna kamera iliyofungwa kwenye bawa, picha unanunua mkishatua. Kwa jioni ya maadhimisho yenyewe, kodini boti ndogo kwenye mto Zambezi, kabla haujafika kwenye maporomoko, badala ya ile kubwa yenye muziki. Hoteli ipi? Ningechagua Royal Livingstone, kwa sababu mbili tu: pundamilia wanakula majani kwenye uwanja wake, na ina njia yake ya kuingilia hifadhi ya maporomoko.

Njia ya kwenda. Ndege ya kutoka uwanja wa Songwe, hapo Mbeya, msiiunganishe siku hiyohiyo na ndege ya kimataifa. Ukungu wa Songwe mnaujua, na kama tiketi ni mbili tofauti, shirika la pili halina wajibu wowote kwenu mkichelewa. Laleni Dar usiku mmoja kwenda na mwingine kurudi. Dar hadi Lusaka tafuteni siku yenye ndege ya moja kwa moja, maana siku nyingine mtazungushwa mbali. Kutoka Lusaka, Mfuwe (uwanja wa ndege wa Luangwa) ni kama saa moja na kidogo kwa ndege, na Livingstone hivyohivyo. Kati ya Mfuwe na Livingstone kwa kawaida mnapitia tena Lusaka. Mizigo iwe mabegi laini, na uzito wa kuufuata ni ule wa ndege ndogo kuliko zote kwenye safari yenu.

Mdau mmoja aliyechangia ameshauri mwende kwa gari kupitia mpaka wa Tunduma. Kwa siku 9, hapana. Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka huo, hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000 zenye malori mengi, na Livingstone ni karibu 480 zaidi. Mwenye wiki mbili aende kwa gari, na alale Kapishya, ndani kutoka barabara kuu kabla ya Mpika, karibu na jumba la matofali la Mwingereza Stewart Gore-Browne pale Shiwa Ng'andu. Ni chemchemi ya maji moto isiyonuka, maji maangavu, chini ni mchanga na vipovu vinapanda katikati ya vidole vya miguu. Asiendeshe usiku, na awe na kadi halisi ya gari pamoja na bima ya kuvuka mpaka.

Fedha: nendeni na kadi mbili za benki mbili tofauti, na muombe benki ifungue matumizi ya nje na kupandisha kikomo cha siku. Hoteli kubwa hushikilia kiasi cha dhamana mkifika. Kwa kadi ya kawaida hela hiyo inatoka kweli kwenye akaunti na inaweza kukaa wiki nzima au zaidi kabla ya kurudi. Wekeni akiba ya kuiziba. Mashine ikiuliza mlipe kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagueni ya pale, kwa sababu kiwango cha kubadilishia kwa shilingi huwa kibaya. Dola ziwe safi, zisizochanika, zisiwe za matoleo ya zamani.

Malaria msiidharau. Mbeya mjini ni juu, mbu si wengi, kwa hiyo wengi wetu hatuna kinga kama ya mtu wa Kyela. Onaneni na daktari wiki chache kabla mpate dawa ya kujikinga. Kuna ya kuanza siku moja au mbili kabla na kuendelea siku 7 baada ya kurudi, na kuna ya kuendelea wiki 4. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na siku hizi ni cha maisha. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6 na kurasa wazi kadhaa.

Mwisho, saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Ndege ya Lusaka iliyoandikwa 08:00 inaondoka ikiwa Mbeya ni saa 3 asubuhi. Dereva wa kule akisema saa 8 anamaanisha hiyo 08:00, si saa nane yetu ya mchana. Kila miadi ya kuchukuliwa, muombe waiandike kwa tarakimu.