Muulize Fundi: Kabla ya prosesa, tazama bawaba

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 63, nimestaafu. Laptopu yangu ya tatu ndani ya miaka tisa imekufa wiki iliyopita. Ya kwanza ilikuwa nzito, naiwasha asubuhi nakunywa chai hadi naimaliza bado haijawa tayari. Ya pili ilivimba betri. Hii ya sasa kifuniko kimeachana na kiwiliwili upande wa kushoto. Kazi zangu ni za kawaida: kuandika, barua pepe, kutunza picha za familia, mambo ya benki na kuzungumza na wajukuu kwa video. Muuzaji ananiambia kosa langu ni kununua prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ndogo, safari hii nichukue kubwa kuliko zote ndipo nitakaa nayo miaka mingi. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu laptopu zako tatu zimekufa vifo vile vile ninavyoviona mezani kwangu kila wiki, na hakuna hata kimoja kilicholetwa na prosesa. Kwa miaka 16 niliyoshika bisibisi, prosesa zilizokufa zenyewe nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kinachokufa ni vilivyoizunguka.

Nianze na bawaba, maana ndiyo iliyokuumiza sasa hivi. Ninapoandika haya nina laptopu mbele yangu imefunguliwa tumbo, ugonjwa wake ni kama wa kwako. Bawaba yenyewe ni ya chuma, nzima kabisa. Lakini imefungwa kwa skrubu tatu ndogo, nazo zimeingia kwenye vinati vya shaba, na vinati hivyo vimepachikwa ndani ya vinundu vya plastiki visivyozidi ukubwa wa njegere. Plastiki imepasuka. Vinati vyote vitatu vimeng'oka na skrubu zake, nikiitikisa vinagongana humo ndani kama mbegu kwenye kibuyu kikavu. Bawaba ilikuwa ngumu tangu kiwandani, na kila mwenyewe alipoinua kifuniko, badala ya bawaba kuzunguka, ganda ndilo lililonyanyuka. Mwisho wake waya mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo ukaanza kukatika. Mwenyewe alidhani kioo kimekufa. Kioo ni kizima.

Kwa hiyo ukifika dukani, mama, iweke laptopu mezani, tia kidole kimoja katikati ya ukingo wa kifuniko, inua polepole. Usiangalie kioo. Angalia zile kona mbili za nyuma, pale bawaba zinapoingia kwenye kiwiliwili. Ukiona ganda linaachia mwanya hata wa upana wa ukucha wakati kifuniko kinapanda, iache hapo hapo. Kisha ifunge, ishike kwa kona moja ya mbele, inyanyue. Ikijipinda na kulia, iache pia. Na ukishanunua, fungua daima kwa katikati. Ukifungua kwa kona, mzigo wote unabebwa na bawaba moja.

Ile ya kwanza iliyokuwa nzito, naelekea kuamini ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, au diski ya zamani ile inayozunguka, au vyote viwili. Windows 11 inakubali kusimikwa kwenye GB 4, hicho ndicho kiwango chake cha chini, lakini kukubali ni jambo moja na kukufanyia kazi ni jambo jingine. Fungua simu ya video na kurasa tano za intaneti, utaona. GB 8 inatosha kazi zako za leo. Ninakushauri GB 16 kwa sababu unanunua ya miaka saba au minane mbele, na programu haziachi kunenepa. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka, GB 256 au 512 kutegemea wingi wa picha.

Hapa kuna swali ambalo wauzaji wengi hawalitegemei, nawe uliulize bila haya: RAM yake inachomoka, au imechomelewa kwenye ubao mkuu wa ndani? Laptopu nyingi nyembamba siku hizi zimechomelewa. Hiyo maana yake, ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho. Hata MacBook, ambazo kwa uimara wa mwili na betri nazisifu, RAM yake hubadilishi wala diski huongezi. Ukichukua hiyo, chukua yenye kiasi kamili toka mwanzo.

Hili nimelijifunza kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia dada yangu laptopu nyembamba, nzuri kwa sura, bei nafuu, hifadhi yake GB 64 tu za aina iliyochomelewa. Nilikuwa na haraka, sikuuliza. Haukupita mwaka, masasisho makubwa ya Windows yakaja na hayakupata pa kukaa. Dada akawa anafuta picha za watoto wake ili kompyuta isasishike. Aliponiletea niliifungua nikitafuta pa kuongeza diski, sikukuta tundu lolote, ubao mtupu. Mimi fundi, na sikuwa na la kumfanyia. Tangu siku hiyo siachi mtu anunue laptopu kabla hajajua ndani kuna nini.

Betri ya laptopu yako ya pili kuvimba haikuwa kosa lako. Betri hizi za lithiamu zinazeeka hata zikikaa kabatini, na nyingi hupungua hadi kama asilimia 80 ya ujazo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha. Joto na kukaa imejaa saa zote huziharakisha. Swali siyo kama betri itakufa, itakufa. Swali ni kama utaweza kuweka nyingine. Kuna zilizofungwa kwa skrubu chache, fundi anatoa na kuweka kwa dakika kumi. Kuna zilizogandishwa kwa gundi, kuitoa ni hofu tupu kwa sababu ukiitoboa inawaka moto. Chagua ya skrubu. Na siku ukiona kipanguso cha kidole, kile unachosogezea mshale, kimeanza kuinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, zima, chomoa chaji, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Usiibonyeze irudi.

Kuna umri mwingine usioonekana kwa macho, wa programu. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha 8, zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Apple nayo ilitangaza mwaka 2025 kwamba macOS 26, mfumo wa kuendesha kompyuta zake, ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Wewe unayefanya mambo ya benki kwenye intaneti, laptopu isiyopokea tena masasisho ya usalama usiitumie kwa hilo, hata kama mwili wake ni mpya.

Sasa prosesa ya muuzaji wako. Kwa Intel na AMD, herufi ya U mwishoni mwa jina huashiria prosesa inayokula umeme kidogo. Ya H ni ya nguvu zaidi, na nguvu hiyo inatoka na joto. Joto hilo linahitaji feni kubwa, feni inavuta vumbi, vumbi likijaa kila kitu kinaiva: betri, ubao, hata ile plastiki ya bawaba inakuwa kavu. Kwa barua, picha na wajukuu, U ya katikati inakutosha kabisa. Pesa utakayookoa iweke kwenye RAM na kwenye mwili imara.

Ningekuwa nimesimama nawe dukani, ningekupeleka kwenye zile zinazotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell (mpya zake tangu 2025 huitwa Dell Pro) au EliteBook za HP, ya inchi 14. Sisemi hivyo kwa ajili ya jina. Makampuni hayo huweka wazi kwenye intaneti vitabu vya ufundi vya laptopu hizo, vinavyoonyesha skrubu kwa skrubu jinsi ya kufungua, na vipuri vyake hupatikana miaka mingi baada ya kutoka. Kibodi ikifa, unabadilisha kibodi. Lakini angalia toleo kamili kabla ya kulipa, kwani hata humo zipo nyembamba zenye RAM iliyochomelewa. ThinkPad X1 Carbon ni mojawapo.

Na hiyo yenye bawaba iliyong'oka usiitupe, mama. Acha kuifungua na kuifunga, toa picha zote kwanza, kisha mpelekee fundi. Kama vinati havijapotea, vinundu vinaweza kujengwa upya kwa gundi ngumu ya epoksi.

SWALI: Kaka fundi, mimi ni mwanafunzi. Kwa pesa niliyo nayo napata laptopu mpya ya bei ya chini kabisa, au ya ofisini iliyotumika miaka minne. Watu wananicheka nikitaja iliyotumika.

JIBU: Mdogo wangu, chukua iliyotumika, ila usilipe kabla hujafanya mambo haya mbele ya muuzaji. Fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakuandikia ripoti. Ndani yake kuna ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wa sasa. Ikiwa umebaki nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mapatano. Kisha izime, iwashe uingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, ondoka.

La mwisho ndilo linaloumiza vijana wengi. Mwambie aifute yote irudi kama mpya, iunganishe na intaneti, msubiri pamoja. Laptopu za ofisini mara nyingi huwa zimesajiliwa kwa mwajiri wa kwanza, na zisipoondolewa kwenye usajili, zikifutwa hurudi zikiwa na jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini. Nimeletewa hizo na watoto wamekwisha kulipa, machozi yako karibu, na mimi sina ruhusa ya kuzifungua. Saa moja ya kusubiri dukani ni afadhali. Wanaokucheka waache.

SWALI: Fundi, mume wangu huacha laptopu kwenye chaji usiku na mchana. Nimemkataza, hasikii. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada, kila mmoja ana haki yake. Kukaa kwenye chaji hakuilipui, ina kidhibiti chake. Ila betri kushinda imejaa asilimia 100 ikiwa na joto kunaizeesha. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina mpangilio wa kuzuia chaji isivuke asilimia 80; utafute kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS, uweke, kisha mwache mume wako na waya wake. Lakini ukiikuta juu ya godoro ikiwa imewaka, itoe uiweke mezani. Matundu ya hewa yapo chini, na godoro linayaziba.