Marehemu alikopa, mimi nadaiwa nini?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mjane, naishi Tanga. Mume wangu alikopa shilingi 2,000,000 kwenye taasisi ya mikopo mwaka 2014, akalipa vizuri, akafariki mwaka 2016 akiwa amebakiza marejesho ya miezi minne kati ya ishirini na minne. Siku ya mazishi shemeji alisimama akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na hakujitokeza mtu. Baada ya arobaini nilipeleka nakala ya cheti cha kifo kwenye taasisi ile, wakaipokea, wakanipa pole. Sasa kuna kijana anayesema ni wa kampuni ya kukusanya madeni, na kwamba deni limefika shilingi 6,400,000. Amenitumia namba ya RB ya polisi kwa ujumbe wa simu, na juzi alimpigia mwajiri wa binti yangu. Anataka nitume angalau elfu hamsini "kuonyesha nia njema". Shemeji ananiambia nilipe yaishe, marehemu apumzike. Nifanye nini?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba uliofufuliwa na mtu asiyeujua.

Nianze na hiyo elfu hamsini, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukuponza hata kabla ya jambo lingine lolote. Usiitume. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai yanayotokana na mkataba wa kawaida, mkopo ukiwemo, yanapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka sita tangu haki ya kudai ilipoanza. Mkopo wa marehemu ulikuwa uishe mwaka 2016, kwa hiyo miaka hiyo imekwisha kupita. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, inasema kwamba mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au akilipa sehemu yake, muda unaweza kuhesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Kijana huyo anajua fika kwamba huna milioni sita za kumpa, na ndiyo maana anaomba kidogo: akiipata elfu hamsini yako, atakuwa na hoja ya kudai kwamba deni limetambuliwa, na aliyelitambua ni wewe, ambaye hadi leo jina lako huenda halimo kwenye karatasi hata moja.

Hapo ndipo swali lako lilipo hasa. Mkopo wa mume haugeuki kuwa mkopo wa mke kwa sababu mume amefariki. Madeni ya marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoiacha, kupitia msimamizi wa mirathi, kabla warithi hawajagawana; hayalipwi kutoka kwenye mfuko wako wala mshahara wa binti yako. Hukuniambia kama ulitia sahihi kuwa mdhamini, nami nakuomba ulikumbuke jambo hilo kwa makini, maana mdhamini ana wajibu wake mwenyewe. Wapo wanawake waliotia sahihi ya ridhaa tu, ile inayotakiwa mume anapoweka rehani nyumba ya familia, wakadhani wamekuwa wadhamini, na wapo waliofanya kinyume chake. Ikiwa hati ya nyumba au kiwanja iliwekwa dhamana, muda wa ukomo na mambo mengine hubadilika, na katika hali hiyo usitegemee majibu yangu bali mwone wakili mapema.

Kuna jingine ambalo limenifanya nisome barua yako mara ya pili. Taasisi nyingi za mikopo hukata fedha ya bima siku ya kutoa mkopo, ili mkopaji akifariki salio lilipwe na kampuni ya bima. Ulipeleka cheti cha kifo, wakakipokea, kisha wakanyamaza miaka yote hiyo. Mdai anayedai kweli hanyamazi hivyo. Inawezekana kabisa kwamba bima ilikwisha lipa na jina la marehemu likabaki kwenye orodha ya zamani ambayo kijana huyu amekabidhiwa aifanyie kazi kwa kamisheni. Tena hesabu yenyewe haisimami: marejesho manne kati ya ishirini na manne ya mkopo wa milioni mbili, hata ukiongeza riba, hayakuwa mbali na laki nne au tano. Aliyezifikisha milioni sita na laki nne aonyeshe alivyozifikisha.

Kwa hiyo acha kubishana naye kwenye simu. Mtumie ujumbe mmoja, wa heshima, usiokiri chochote, nami nakuandikia hapa uunakili: "Silitambui deni unalolidai. Naomba uniletee kwa maandishi nakala ya mkataba wenye sahihi, taarifa yote ya marejesho, na barua ya taasisi inayokupa mamlaka ya kulidai. Nijulishe pia kama salio lililipwa na bima baada ya kifo. Mpaka nizipate nyaraka hizo, usiwasiliane na mwanangu wala mwajiri wake." Ukishautuma, upige picha ya skrini, na uhifadhi kila ujumbe atakaojibu pamoja na tarehe na saa. Sikushangai ukiniambia baadaye kwamba alinyamaza.

Kuhusu RB, usikose usingizi. Kutolipa mkopo ni shauri la madai, si kosa la jinai, isipokuwa kama kulikuwa na udanganyifu. Namba ya RB hutolewa na kituo cha polisi, basi muulize ni kituo gani, kisha nenda ukaulize mwenyewe ukiwa na shemeji au mwenyekiti wa mtaa. Dalali wa mahakama naye hawezi kugusa hata kiti chako bila hukumu na amri ya mahakama ya kukazia hukumu hiyo. Ila samansi ya kweli ikija, usiifiche kabatini. Nenda siku uliyoitwa, ueleze kwamba hukukopa na kwamba muda umepita. Sheria inaitaka mahakama ilitupe shauri lililoletwa nje ya muda hata kama mdaiwa hakuitoa hoja hiyo.

Kumpigia mwajiri wa binti yako ndilo kosa lililonikera kuliko yote, kwa kuwa binti huyo hana sehemu yoyote katika mkopo huu, na lengo ni aibu tu. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na Tume yake hupokea malalamiko ya namna hii. Lalamikeni kwanza kwa maandishi kwenye taasisi iliyotoa mkopo, maana mkusanyaji anafanya kazi kwa jina lake. Msiporidhika, pelekeni malalamiko Benki Kuu, ambayo ndiyo inayosimamia watoa mikopo. Kama kuandika barua hizo kunakuwia vigumu, waulize ofisi ya serikali ya mtaa au ustawi wa jamii juu ya wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe, kwani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo.

Nimebakiza shemeji yako, ambaye simlaumu. Tangazo alilolitoa msibani lilikuwa la kiungwana, na hofu ya deni la marehemu ni hofu ya mtu mwenye imani. Lakini kumlipia marehemu ni jambo moja, na kumpa fedha kila anayelitaja jina lake ni jambo jingine. Nyaraka zikiletwa, zikaonyesha kwamba salio ni la kweli na bima haikulipa, familia inaweza kukaa na kuamua kulilipa kwa dhamiri, ingawa sheria haiwalazimishi tena. Mkiamua hivyo, alipe shemeji au msimamizi wa mirathi, si wewe. Muafikiane kwanza na taasisi juu ya salio lililokuwapo siku ya kifo, bila adhabu zilizorundikwa baadaye. Mpate barua inayosema kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote. Na fedha iingie kwenye akaunti ya benki ya taasisi yenyewe, kwa risiti, wala si kwenye namba ya simu ya kijana huyo.