Ngozi ya Punda: usiharakie harusi, tazama jikoni

Dada, umeuliza kama hadithi ya binti mfalme aliyejificha ndani ya ngozi ya punda inafaa kusomewa watoto, kwa kuwa mwanzo wake umekukera: mfalme mjane anataka kumwoa bintiye wa kumzaa. Mimi huwasomea wapwa zangu hapa Bombo, na jibu langu ni ndiyo. Ila mwanzo ule usiuruke kwa aibu, maana ndio unaomkimbiza binti. Katika masimulizi ya ndugu Grimm wa Ujerumani, ambako binti huvaa joho la manyoya ya wanyama wengi badala ya ngozi ya punda, hata washauri wa mfalme wanashtuka na kumwambia Mungu amekataza. Mtoto akisikia hivyo anajua lawama ni ya nani.

Utamu wenyewe uko jikoni. Mfaransa Charles Perrault aliitoa hadithi ya Ngozi ya Punda kwa mashairi mwaka 1694. Binti anadai nguo ya rangi ya anga, kisha ya mwezi, kisha ya jua. Baba analeta zote. Anadai ngozi ya punda anayekunya dhahabu (hapo kwetu kusoma husimama kidogo, ni vicheko tu), na punda anachinjwa. Binti anaivaa, anatoroka, anaishia kufua matambara na kuosha hori la nguruwe. Mwana wa mfalme anamchungulia kwenye tundu la ufunguo siku binti amevaa vizuri, anaugua mapenzi, anataka keki iliyopikwa na binti huyo. Ndani ya keki, pete.

Perrault anasema wapo wanaodai pete ilimponyoka kwa haraka ya kukanda, lakini yeye anaamini ilitiwa makusudi. Nami hufunga kitabu hapo nikauliza: imeanguka au imetiwa? Basi ni kelele! Mpwa wangu mkubwa, ambaye ndiye anayekaa na sigiri nyumbani, alisema, "Mtu anayekanda unga huvua pete kwanza. Huyo ametega." Tangu hapo hakuna anayesema binti aliokolewa na mwana wa mfalme.

Kwa wadogo, anza na ile ya Grimm. Haina mama wa ubatizo mwenye uchawi wa kumpangia binti mambo kama kwa Perrault. Anajipangia mwenyewe, huku mpishi akimtisha kwamba unywele mmoja ukianguka kwenye supu atachapwa. Na supu inaliwa mara tatu, kila mara na kitu cha dhahabu ndani ya bakuli, chini kabisa. Ikifika ya pili, watoto watakuwa wanabashiri kabla hujafungua ukurasa.